Vidonge, seramu na krimu za antioksidanti: je, vinachelewesha ngozi kuzeeka? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yanaanzia ya msingi na kuishia hali za pekee. Yamepewa nambari ili jibu moja likupeleke kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Nataka jibu moja tu: vinasaidia au havisaidii?

Vidonge havisaidii. Hakuna kidonge cha antioksidanti ambacho jaribio kubwa, lililofanywa vizuri, limeonyesha kwamba kinachelewesha mikunjo au mabaka ya uzee. Baadhi vimeleta madhara makubwa (swali la 8).

Seramu na krimu husaidia kidogo, tena kwa masharti. Vitamini C iliyotengenezwa sawasawa huongeza kinga kiasi dhidi ya jua na hupunguza mabaka taratibu, lakini kazi yake ni kuisaidia losheni ya kukinga jua. Haiwezi kushika nafasi yake. Mwenye hela ya kitu kimoja tu anunue losheni ya kukinga jua.

2. Antioksidanti ni nini hasa?

Jua, moshi wa sigara na hata seli zinapotumia oksijeni kutengeneza nguvu, vyote huzalisha molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake. Hizo ndizo radikali huru. Hunyakua elektroni kutoka kwenye mafuta ya kuta za seli, protini na DNA, na kila zinaponyakua huacha uharibifu. Antioksidanti ni kemikali inayotoa elektroni yake bila yenyewe kugeuka hatari. Nyingine mwili hujitengenezea, kama glutathioni na kimeng'enya cha katalesi. Nyingine tunazila: vitamini C, vitamini E, na karotenoidi, yaani rangi za karoti, nyanya na maembe.

Mmarekani Denham Harman aliandika mwaka 1956 kwamba radikali huru ndizo zinazotuzeesha. Wazo hilo lina ukweli ndani yake, hasa kwa ngozi inayopigwa na jua. Tatizo ni hatua iliyofuata, pale watu walipodhani kwamba ukimeza antioksidanti nyingi utazeeka polepole. Hatua hiyo ilipopimwa kwa watu, ilishindwa.

3. Kinachozeesha ngozi ni umri au jua?

Vyote viwili, ila vinazeesha kwa namna tofauti. Umri peke yake huifanya ngozi kuwa nyembamba na kavu, yenye mistari midogo. Angalia upande wa ndani wa mkono wako, juu kidogo ya kiwiko: hapo ni umri karibu mtupu. Kisha linganisha na mgongo wa kiganja au shingo. Tofauti unayoiona kati ya sehemu hizo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya jua.

Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye miaka 69 aliyefanya kazi hiyo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa karibu na dirisha, ulikuwa na mikunjo mizito na mifereji. Upande wa kulia ulionekana wa mtu mdogo zaidi kwa miaka mingi. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya UVB, ile inayobabua, lakini huipitisha UVA. Kwetu Afrika Mashariki usukani uko kulia, kwa hiyo anayeshinda barabarani achunguze shavu la kulia.

UVA huzama hadi tabaka la ndani la ngozi, huzalisha radikali huru, na seli zikishtuka hutoa vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha miaka ya 1990 kwamba hata kiasi cha mionzi kisichotosha kuifanya ngozi iwe nyekundu kinaamsha vimeng'enya hivyo. Kwa maneno mengine, usisubiri kuungua ndipo ujue umeathirika.

4. Mimi ni mweusi wa asili. Jua linanizeesha kweli?

Linakuzeesha, ila kwa kuchelewa na kwa sura nyingine. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, ni kinga halisi: vipimo vya mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi linazuia UVB kama losheni ya SPF ya takriban 13 (SPF ni namba ya kinga dhidi ya mionzi inayobabua), na la ngozi nyeupe takriban 3. Ndiyo maana mikunjo kwa watu weusi mara nyingi hutokea miaka kumi hivi baadaye.

Kinachotangulia kwetu ni rangi. Mabaka mashavuni na kwenye paji la uso, weusi kuzunguka macho, alama za chunusi zinazokataa kufutika, uso kuwa na rangi mbili tatu. Kinga ya melanini dhidi ya UVA ni dhaifu kuliko dhidi ya UVB, na kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huchochea weusi (swali la 20). Pia tuko karibu na ikweta, ambako kipimo cha nguvu ya mionzi hupita 11 mara kwa mara saa za mchana, na 11 tayari ni daraja la juu kabisa. Anayeishi Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, anapokea mionzi zaidi ingawa hewa ni ya baridi, kwa kuwa nguvu yake hupanda kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Ubaridi wa hewa haupimi mionzi.

## Vidonge na chakula

5. Kuna utafiti uliolinganisha kidonge na losheni ya kukinga jua uso kwa uso?

Upo, na ndio tungependa kila mtu aujue kabla ya kufungua pochi. Ulifanyika Nambour, mji wa jimbo la Queensland, Australia, kuanzia mwaka 1992 hadi 1996, na matokeo kuhusu kuzeeka kwa ngozi yakachapishwa 2013. Watu wazima 903 wenye umri chini ya miaka 55 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine waliambiwa wapake losheni ya SPF 15 au zaidi kila asubuhi kichwani, shingoni, mikononi na viganjani, na kurudia baada ya kutoka jasho jingi, kuoga au kukaa juani kwa muda mrefu. Wengine walipaka wanapojisikia. Sambamba na hilo, nusu walimeza beta-karotini (karotenoidi ya karoti) miligramu 30 na nusu dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa, cha kulinganishia.

Ngozi ya mgongo wa kiganja ilichapwa kwa silikoni, kama mtu anavyochukua alama ya ufunguo, na vinyweleo na mifereji vikasomwa kwa darubini na watu wasiojua nani ni nani. Baada ya miaka minne na nusu, waliopaka kila siku walikuwa na uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenzao. Ngozi yao haikuonyesha ongezeko la uzee linalopimika kwa kipindi chote hicho. Beta-karotini, kwa ujumla, haikuleta tofauti.

6. Vitamini C ya miligramu 1,000 kila siku haitanipa kolajeni zaidi?

Vitamini C inahitajika kweli ili nyuzi za kolajeni zijisokote na kushikana. Anayeikosa kabisa hutoka damu kwenye fizi na vidonda vyake haviponi. Lakini kuihitaji si sawa na kufaidika na ziada. Mwanamke mzima anahitaji miligramu 75 kwa siku, mwanamume 90, na mvutaji sigara aongeze 35. Ukifika takriban 400 kwa siku damu imeshajaa. Kinachozidi hapo utumbo hukifyonza kwa uchache, na kinachofyonzwa figo hukitoa kwenye mkojo. Ukizidisha 2,000 tarajia kuhara na tumbo kukata, na kwa wanaume vidonge vya vitamini C vimehusishwa na mawe ya figo.

7. Kama antioksidanti zinazuia uharibifu maabara, kwa nini zinashindwa mwilini?

Kwanza, safari ni ndefu. Kidonge kinapita tumboni, ini na damu kabla ya kufika kwenye ngozi, na mwili unadhibiti kila hatua.

Pili, na hili ndilo lisilosemwa kwenye matangazo, mwili hutumia radikali huru kama ujumbe. Seli zikihisi ongezeko dogo huimarisha ulinzi wao wenyewe. Ukizima ujumbe, unazima na maandalizi. Watafiti wa Ujerumani walionyesha hili mwaka 2009 kwa vijana waliofanya mazoezi kwa wiki nne: waliomeza vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E IU 400 (IU ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini) kila siku walikosa faida ya mazoezi kwenye utendaji wa insulini, ilhali wasiomeza waliipata.

Tatu, namba zinazotajwa kwenye vifungashio, kama kipimo cha ORAC cha uwezo wa kuzima radikali huru, hupatikana kwenye kichupa cha maabara. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake ya ORAC mwaka 2012 kwa kuwa namba hizo hazielezi kinachotokea ndani ya mtu, na zilikuwa zikitumiwa vibaya kuuzia bidhaa.

8. Hata kama havisaidii, si angalau havidhuru?

Vinaweza kudhuru, hasa dozi kubwa za muda mrefu.

Finland, mwaka 1994: wanaume wavutaji 29,133 walifuatiliwa. Waliopewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Marekani, jaribio la CARET liliwapa wavutaji, waliowahi kuvuta na waliofanya kazi na asbesto beta-karotini miligramu 30 pamoja na vitamini A IU 25,000. Lilisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya muda, kwa sababu saratani ya mapafu ilipanda kwa asilimia 28 na vifo kwa 17. Jaribio la SELECT la wanaume zaidi ya 35,000 lilionyesha mwaka 2011 kwamba vitamini E ya IU 400 kwa siku iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Ufaransa, kwenye utafiti wa SU.VI.MAX, wanawake waliomeza mchanganyiko wa vitamini C, E, beta-karotini, seleniamu na zinki walipata saratani ya ngozi zaidi kuliko waliopewa dawa bandia. Ongezeko hilo lilitoweka vidonge viliposimama.

Kama tayari una kopo la vidonge vya "ngozi na nywele", geuza nyuma usome kiasi cha kila kimoja, kisha ujumlishe na vidonge vingine unavyomeza. Vitamini A ya retinoli isizidi IU 10,000 (mikrogramu 3,000) kwa siku. Seleniamu isizidi mikrogramu 255, kipimo cha Ulaya. Ikizidi kwa muda mrefu nywele hukatika na kucha huvunjika, yaani kinyume cha ulichonunulia. Zinki isizidi miligramu 40. Ikizidi huzuia mwili kupata shaba ya kutosha, na damu hupungua.

9. Na kolajeni ya unga, koenzimu Q10, astaksanthini?

Kolajeni si antioksidanti. Kuna majaribio mengi madogo ya gramu 2.5 hadi 10 kwa siku yaliyoonyesha ngozi kuwa na unyevu zaidi kidogo, na mengi yamelipiwa na watengenezaji. Haina hatari kubwa. Ni ghali tu kwa kinachopatikana. Q10 na astaksanthini zina ushahidi mdogo zaidi ya huo.

10. Basi nile nini?

Kula matunda na mboga kwa afya yako yote. Ngozi itachukua fungu lake. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, kwa hiyo pera moja la wastani linatosha siku nzima. Ubuyu, maembe, mapapai, machungwa na pilipili hoho mbichi nazo zina nyingi. Mboga za majani zipikwe kwa muda mfupi na maji machache, maana vitamini C huharibiwa na moto na huyeyukia kwenye maji yanayomwagwa.

Nyanya zina habari ya kuvutia. Utafiti mdogo wa Ujerumani wa mwaka 2001 uliwapa watu gramu 40 za nyanya ya kopo na gramu 10 za mafuta ya zeituni kila siku. Baada ya wiki 10 ngozi yao ilikuwa nyekundu pungufu kwa asilimia 40 ilipopigwa na mionzi. Gramu 40 ni vijiko vikubwa viwili na nusu hivi. Rangi nyekundu ya nyanya hutoka vizuri ikipikwa na mafuta, kama tunavyofanya tayari kwenye mchuzi. Ni kinga ndogo sana ukilinganisha na losheni, na ilipima wekundu, si mikunjo. Chagua kopo lisilo na chumvi nyingi.

## Seramu na krimu

11. Kati ya vinavyopakwa, kipi kina ushahidi?

Vitamini C ndiyo antioksidanti ya kupaka iliyochunguzwa zaidi. Kikundi cha Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke kilionyesha mwaka 2001 masharti ya kuipenyeza kwenye ngozi, na mwaka 2005 kikaonyesha, kwenye ngozi ya nguruwe, kwamba mchanganyiko wa vitamini C asilimia 15, vitamini E asilimia 1 na asidi feruliki asilimia 0.5 uliongeza kinga dhidi ya mionzi mara nane, wakati bila asidi feruliki ilikuwa mara nne. Kwa binadamu, majaribio ya mikunjo ni machache na madogo. La Ufaransa la mwaka 2003, lililotumia krimu ya asilimia 5 kwa miezi 6, lilionyesha nafuu inayoonekana lakini ya kiasi.

Niasinamidi ya asilimia 4 hadi 5 hupunguza mabaka na mistari midogo kidogo ndani ya wiki 12, haichomi, haiharibiki kwa joto na bei yake ni nafuu. Kwa ngozi nyeusi yenye alama za chunusi, tungeanza nayo kabla ya vitamini C.

Tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote kwa mikunjo ya jua, lakini haifanyi kazi kama antioksidanti: huiambia seli itengeneze kolajeni. Hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, kwa ushauri wa daktari. Angalia swali la 19 kwanza.

12. Nisome nini kwenye kifungashio cha seramu ya vitamini C?

Mambo manne. Jina liwe Ascorbic Acid au L-Ascorbic Acid, na liwe karibu na mwanzo wa orodha. Likiwa la mwisho baada ya manukato, ni pambo. Kiwango kiwe asilimia 10 hadi 20. Zaidi ya 20 hakiongezi kinachoingia, kinaongeza kuchoma tu. pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe chini ya 3.5, la sivyo vitamini C inabaki juu ya ngozi. Chupa iwe ya kahawia iliyokolea au isiyopitisha mwanga, mdomo mwembamba. Ukikuta kikopo kipana cha kuchovya vidole, kila unapofungua unaingiza hewa inayoiua.

Kuna aina tulivu zaidi, kama Magnesium Ascorbyl Phosphate na Ascorbyl Glucoside. Hazichomi na hazigeuki rangi upesi, ila uwezo wake wa kupenya ni mdogo. Zinafaa kwa ngozi inayowasha.

13. Seramu yangu imegeuka kahawia. Niendelee?

Itupe. Ikiwa bado ina manjano hafifu imeanza kupungua nguvu, lakini unaweza kuimaliza upesi. Ikifika rangi ya chungwa au ya chai, vitamini C imeshaoksidika, na mabaki yake yanaweza kuipaka ngozi rangi na kukufanya udhani mabaka yameongezeka.

Joto la Dar es Salaam au Mombasa hufupisha maisha ya seramu kuliko kifungashio kinavyodai. Ihifadhi kwenye friji, mlangoni, si kwenye barafu. Usiiache bafuni wala ndani ya gari. Nunua chupa ya mililita 15 au 30 utakayoimaliza ndani ya miezi mitatu, na ukifika dukani uliza ilikaa wapi: chupa iliyopangwa dirishani juani imeshakwisha kabla hujailipia.

14. Nipake kwa utaratibu gani?

Asubuhi: nawa kwa sabuni laini, kausha uso kabisa kwa sababu maji huongeza kuchoma. Weka matone manne au matano kiganjani, sambaza usoni na shingoni. Subiri dakika chache. Paka mafuta yako ya kulainisha kama ngozi ni kavu. Mwisho losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, yenye alama ya UVA ndani ya duara au PA (daraja la kinga dhidi ya UVA) yenye angalau +++.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kupaka losheni kidogo. Namba ya SPF ilipimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba. Kwa uso na shingo hiyo ni mistari miwili iliyojaa, kutoka shina hadi ncha ya kidole cha shahada na cha kati. Ukipaka nusu yake, hupati namba iliyoandikwa. Rudia kila saa mbili ukiwa nje, na baada ya jasho. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya UVB na SPF 50 takriban 98, hivyo kiasi unachopaka kina maana kuliko kukimbilia namba kubwa.

Vitamini C ikishaingia kwenye ngozi hupungua kwa nusu kila baada ya siku nne hivi. Ukikosa siku moja hujapoteza kitu.

15. Inachoma. Ni dalili inafanya kazi?

Hapana. Kuwasha kidogo kwa dakika moja ni tindikali, na hupita. Kuchoma kunakoendelea, wekundu, au ngozi kubanduka ni jeraha, na kwa ngozi nyeusi jeraha huacha weusi unaokaa miezi. Osha kwa maji, pumzika wiki moja, kisha jaribu asilimia 5 au 10 kila baada ya siku moja. Kabla ya seramu yoyote mpya, paka tone moja nyuma ya sikio kwa siku tatu mfululizo. Usiichanganye na tretinoini wakati mmoja: moja asubuhi, nyingine usiku.

16. Ndimu au limau si vitamini C ya bure? Je, nikisaga vidonge?

Mililita 100 za maji ya limau zina miligramu 40 hadi 50 za vitamini C, yaani asilimia 0.05 hivi. Seramu ya asilimia 10 ina miligramu 10,000 kwa ujazo huohuo. Kinachobaki kwenye limau ni tindikali ya sitriki, takriban asilimia 5, inayochoma. Ndimu ina hatari ya ziada: kemikali zilizo kwenye ganda lake zikipigwa na jua juu ya ngozi husababisha malengelenge na kisha michirizi myeusi inayodumu wiki hadi miezi.

Vidonge vya kutafuna vina sukari na rangi. Vile vya kuyeyusha vina magadi yanayopandisha pH, kwa hiyo havipenyi. Chembechembe za vidonge vilivyosagwa hukwaruza.

17. Natoboa kapsuli za vitamini E na kupaka usiku. Je, ni vizuri?

Mafuta yake hulainisha kama mafuta mengine yoyote, basi. Kwa makovu, jaribio la mwaka 1999 kwa watu waliotoka kufanyiwa upasuaji wa ngozi lilionyesha kwamba vitamini E haikuboresha au iliharibu mwonekano wa kovu kwa asilimia 90 ya wagonjwa, na theluthi yao walipata mzio wa ngozi. Kama una uso wa mafuta, pia itakuletea chunusi. Vitamini E ina maana ikiwa ndani ya seramu pamoja na vitamini C (swali la 11).

18. Nisubiri muda gani kabla ya kuamua haifanyi kazi?

Mng'ao wa siku ya kwanza ni unyevu tu. Kwa mabaka, wiki 12. Kwa mistari midogo, miezi 6. Piga picha ya uso dirishani, saa ileile, bila vipodozi, mara moja kwa mwezi. Kioo cha kila siku hakikuonyeshi badiliko la polepole. Bidhaa inayong'arisha uso wote ndani ya siku saba ina kitu kingine ndani (swali la 22).

## Hali za pekee

19. Nina mimba au nanyonyesha.

Vitamini C na niasinamidi za kupaka, pamoja na losheni ya kukinga jua, hazina tatizo. Acha tretinoini na jamaa zake zote, retinoli ikiwemo. Usimeze vitamini A ya retinoli zaidi ya IU 10,000 kwa siku. Kupita hapo imehusishwa na ulemavu wa mtoto tumboni.

20. Nina mabaka ya mashavuni yanayorudi kila nikiacha dawa.

Huenda ni melazma, na mwanga unaoonekana huichochea. Losheni nyeupe ya kawaida haiuzuii vya kutosha. Tafuta yenye rangi ya ngozi, iliyoandikwa Iron Oxides kwenye viambato: oksidi hizo za chuma ndizo zinazozuia mwanga huo. Vitamini C na niasinamidi ni msaada wa ziada tu.

21. Mtu mwenye ualbino atumie seramu?

Hela na muda viende kwenye kinga kwanza: kofia pana, mikono mirefu, kivuli, losheni kila siku kuanzia utotoni. Kwake suala ni saratani ya ngozi, si urembo. Moshi, Tanzania, hutengenezwa losheni ya Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino, nayo hutolewa bure kupitia kliniki. Kidonda kisichopona kwa mwezi kionwe na daktari. Hakuna antioksidanti inayokitibu.

22. Muuzaji anasema krimu yake ni "antioksidanti asilia", na ndani ya wiki nimekuwa mweupe.

Acha leo. Mng'ao wa haraka hivyo huletwa na haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki, na mkorogo mara nyingi huwa na zaidi ya kimoja. Kwenye kifungashio tafuta maneno calomel, mercury au mercurio. Onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au alumini nalo ni dalili ya zebaki, inayoharibu figo, na hugusa pia watoto unaowabeba. Ila kama umetumia muda mrefu, usikate steroidi ghafla bila kumwona daktari wa ngozi, maana uso unaweza kuvimba na kulipuka vipele. Tanzania vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019; peleka taarifa huko pamoja na kifungashio.

23. Dripu za glutathioni na vitamini C ni njia ya mkato?

Usikubali. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilionya mwaka 2011 kuhusu sindano za glutathioni za kung'arisha ngozi, kwa kutaja madhara ya figo na mlipuko hatari wa ngozi.

Vitamini C ya dripu ina hatari ambayo ukanda wetu unapaswa kuijua. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ni wa kawaida kwa watu wa maeneo yenye malaria, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo, na wengi hawajui wanao. Dozi kubwa ya vitamini C kwenye mshipa inaweza kupasua chembe nyekundu za damu za mtu wa namna hiyo: mkojo unakuwa mweusi, macho ya manjano, pumzi inakata. Ukiona dalili hizo baada ya dripu, nenda hospitali saa hiyohiyo na utaje ulichodungwa. Vitamini C ya kupaka haifikishi kiasi hicho kwenye damu.

24. Natumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au niko kwenye matibabu ya saratani.

Vitamini E ya dozi kubwa huongeza kutoka damu kwa anayetumia warfarini. Kwa tibakemia na mionzi, antioksidanti za vidonge zinaweza kuzilinda seli za saratani pamoja na zako. Usianze chochote kabla ya daktari wako wa saratani kuona jina na dozi. Seramu ya kupaka si tatizo, isipokuwa kwenye eneo linalopigwa mionzi.

25. Nimesikia nikotinamidi ya vidonge inazuia saratani ya ngozi. Si hiyo ni antioksidanti?

Ni aina ya vitamini B3, ileile niasinamidi ya swali la 11. Jaribio la Australia la mwaka 2015 liliwapa miligramu 500 mara mbili kwa siku watu waliokuwa wameshapata angalau saratani mbili za ngozi zisizo melanoma. Saratani mpya zilipungua kwa asilimia 23 katika mwaka mmoja, na walipoacha vidonge faida ikaisha. Kwa waliopandikizwa viungo, jaribio la 2023 halikuonyesha faida. Hufanya kazi kwa kuipa seli nguvu ya kutengeneza DNA iliyoharibiwa na jua, na kati ya majaribio hayo hakuna lililopima mikunjo. Kwa hiyo ni suala la kuzungumza na daktari kama umewahi kutolewa saratani ya ngozi au unaishi na ualbino, na usichanganye na asidi nikotiniki, inayouzwa karibu kwa jina hilohilo lakini hufanya uso uwake moto na kuwasha.